Safari ndefu ya familia kwa boti, ziwani na mtoni: mwongozo kamili

Kosa kubwa la safari ya boti hufanyika mezani, wiki kadhaa kabla ya mtu yeyote kukanyaga maji. Mnatandaza ramani, mnapima urefu wa njia, mnagawanya kwa siku za likizo, na hapo mnapata kilomita za kila siku. Hesabu hiyo haina upepo ndani yake, haina homa ya mtoto, haina mchanga uliohama tangu ramani ichorwe. Kinachofuata ni baba au mama kushika usukani huku jicho moja liko kwenye kalenda, na watu wengi hupata ajali wakiwa katika hali hiyo hiyo ya kuwahi. Kwa hiyo naanzia hapo.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya njia

Tuseme mna siku 12. Toa siku 3 za kukaa tu, kwa sababu ziwa litawazuia, mtake msitake. Toa nyingine 1 ya kufungasha na kusafisha boti mwishoni. Zinabaki 8. Watoto wa chini ya miaka 10 wanavumilia mwendo wa saa 5 hivi kwa siku. Zaidi ya hapo wanachoka, wanaanza kusukumana, na nahodha naye anaanza kukata kona. Siku 8 kwa saa 5 ni saa 40. Hizo saa 40 ndizo mali yenu yote. Njia ipimwe kwa hizo.

Mtoni, mkondo unabadilisha kila kitu. Boti inayokwenda kilomita 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, ikikutana na mkondo wa kilomita 4 kwa saa, itapanda kwa kilomita 8 na kushuka kwa kilomita 16. Kipande cha kilomita 80 kitakula saa 10 kupanda na saa 5 kushuka. Wengi hudhani kupanda na kushuka kunafidiana. Haviko hivyo: saa 15 kwa kilomita 160 ni chini ya kilomita 11 kwa saa, na mafuta nayo yanakwenda kwa hesabu hiyo hiyo. Kipande hicho ni siku mbili za kupanda na moja ya kushuka.

Kama mnakwenda na kurudi kwa mto uleule, anzeni kwa kupanda. Injini ikifa mkiwa juu, mkondo unawarudisha kwenye njia mnayoijua. Ikifa mkiwa chini, unawapeleka msikokujua. Halafu kuna fungu la mchanga. Anayepanda akikwama, maji yenyewe yanamsukuma nyuma atoke. Anayeshuka akikwama, kila dakika mkondo unazidi kumpandisha juu ya mchanga.

Na msiweke miadi ya siku maalumu mwisho wa safari. Mwaka mmoja niliiweka. Ndugu yetu alikuwa anatusubiri ng'ambo ya ghuba, na asubuhi ile mawimbi yalikuwa yameshaanza kuvunja vichwa vyeupe. Nikajiambia ni saa moja tu. Katikati, maji yalipanda juu ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, yakalowesha matandiko yote, na binti yangu mdogo akashika ukingo wa benchi mpaka vidole vikawa vyeupe, bila kulia, bila kusema neno. Ule ukimya wake ndio ninaoukumbuka. Tulifika salama. Tangu hapo, anayetaka kutupokea anapigiwa simu tukishafunga kamba gatini.

Hatua ya 2: Pima mzigo wenu kabla ya kuupakia

Boti huuzwa kwa idadi ya watu, na idadi hiyo huwa ni ya matembezi ya mchana. Safari ya siku nyingi ni jambo jingine. Familia ya watu 5, kwa lita 4 za maji ya kunywa na kupikia kwa kila mtu, itahitaji lita 80 kwa siku 4. Hizo ni kilo 80, yaani mtu mzima wa ziada ambaye hamkumhesabu. Lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi: mtu mwingine. Ongeza chakula, hema, nanga na betri, na boti ya watu 8 imeshajaa ikiwa na watu 5.

Vizito viwekwe chini na katikati, vifungwe visiteleze. Usipakie paa, kilo 30 juu ya vichwa vya watu hukosesha boti utulivu kuliko kilo 100 sakafuni. Kisha, wiki mbili kabla ya safari, pakieni kila kitu, watu wote waingie, mwende saa mbili na kurudi. Weka alama ya chaki pale maji yanapofika ubavuni. Angalia boti inavyogeuka ikiwa imejaa, na inavyoinama watu wawili wakisogea upande mmoja. Siku hiyo pia ndiyo ya kupima mafuta: jaza tangi, nenda kwa mwendo wa safari, jaza tena, andika lita ngapi zimetumika kwa saa. Namba iliyopatikana kwa boti yenu iliyojaa ina thamani kuliko yoyote iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini.

Hatua ya 3: Injini na mafuta

Kanuni ya mafuta ni ya mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Hata kama hamtarudi kwa njia ileile, ihesabu hivyo kati ya kituo kimoja cha mafuta na kingine, maana upepo wa mbele na mawimbi hula mafuta kwa kiasi kisichotabirika.

Chukua plagi za akiba, chujio la mafuta, propela ya pili na pini zake, impela ya pampu ya maji, na vifaa vya kuvifungia vyote hivyo. Muhimu zaidi, kila mtu mzima ndani ya boti awe amewahi kubadilisha propela walau mara moja kwa mikono yake, nchi kavu. Na makasia yawemo. Hata boti nzito huweza kusogezwa kwa kasia hadi kwenye mafunjo yaliyo mita mia moja.

Fundisheni watoto kuangalia uzi wa maji unaoruka nyuma ya injini ya nje. Ukiwa na nguvu, injini inapoa. Ukidhoofika au ukikatika, magugu maji au mfuko wa plastiki umeziba tundu la kunyonyea, na mna muda mfupi wa kuzima kabla injini haijaungua. Mwanangu wa miaka saba aliiona hali hiyo kabla yangu. Kazi hiyo amekuwa nayo mpaka leo.

Petroli ina hatari ambayo haionekani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa, ukisubiri cheche. Wakati wa kujaza, watu wote washuke, majiko yazimwe, na galoni za kubebeka zijazwe nchi kavu, zisijazwe ndani ya boti. Kama injini ni ya ndani, washa feni ya kutolea hewa kwa dakika 4 kabla ya kuiwasha, na nusa mwenyewe kabla ya kugusa ufunguo.

Moshi nao: monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo ndani yake, haina harufu. Turubai likishushwa pande zote kukinga mvua, moshi wa injini hunyonywa kutoka nyuma na kuingia ndani. Mtoto anayelalamika kichwa na kusinzia ghafla si lazima awe na kichefuchefu cha mawimbi. Funua turubai, zima injini, mpeleke mbele kwenye hewa safi. Na hakuna kuogelea wala kuning'iniza miguu nyuma ya boti injini ikiwa inawaka.

Hatua ya 4: Jaketi okozi, kwa kila mtu, muda wote

Hapa sina nafasi ya kujadiliana na mtu. Jaketi lililo chini ya benchi halimwokoi yeyote, kwa kuwa anayeanguka haagi.

Jaketi la mtu mzima la nyutoni 100 (nyutoni ni kipimo cha nguvu ya kumweleza mtu majini) linafaa maji yaliyokingwa. Kwa ziwa pana tafuta la 150. Yale ya nyutoni 50 ni ya wanaojua kuogelea na walio karibu na msaada. Hayamgeuzi aliyezimia uso ukaelekea juu. La mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, liwe na kola ya kushika kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Lijaribu hivi: mvalishe, kaza mikanda yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. "Atalikulia" ni neno la viatu vya shule, lisitumike hapa. Baadaye mwingizeni kwenye maji ya kina cha kifua cha mtu mzima, alale chali, ajue mwenyewe jinsi linavyomshika. Mtoto aliyewahi kuelea nalo hatahangaika siku ya tatizo.

Usimfunge mtoto kwa kamba kwenye boti, hata akiwa mtundu kiasi gani. Chombo kikipinduka, kamba hiyo itamshikilia chini. Na ninyi wazazi vaeni. Mtoto hufuata anachokiona, na mzazi anayejirusha majini bila jaketi huongeza mtu wa pili wa kuokolewa.

Nahodha avae pia kamba ya kuzimia injini, mkononi au mguuni. Boti isiyo na mtu kwenye usukani huzunguka na kumrudia aliyeanguka.

Hatua ya 5: Soma ziwa

Mawimbi ya ziwa yanategemea nguvu ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji uliyoyapitia bila kizuizi. Kina nacho kina neno lake. Kwenye maziwa mapana yasiyo na kina kirefu, kama Victoria lenye wastani wa mita 40 hivi au Erie la Amerika Kaskazini lenye mita 19, mawimbi hupanda haraka, huwa mafupi, wima na yanayofuatana kwa karibu. Boti ndogo haipati nafasi ya kushuka kutoka moja kabla ya kukutana na jingine. Kimo cha wimbi pekee, kwa hiyo, hauwezi kukuambia ugumu wake.

Siku nyingi za kawaida, asubuhi ni tulivu. Nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda ufukoni, nao huzidi mchana. Vukeni maji ya wazi kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi. Lakini angalia ziwa lenyewe kwanza: kwenye Victoria, kwa mfano, dhoruba za radi hupamba moto usiku na alfajiri, kwa hiyo anayeondoka gizani ili awahi utulivu anaweza kuingia katikati yake. Subiri uone mbingu.

Mstari wa kutovuka uwekwe mkiwa nchi kavu, na kila mtu aujue. Wetu ni huu: vichwa vyeupe vikiwa vya hapa na pale, upepo ni kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa, tunaambaa na ufuko tu. Vikiwa vingi, upepo umefika kilomita 20 hadi 28, hatuondoki. Na mtu mzima yeyote akisema "leo hapana", hatuondoki vilevile, wala haulizwi sababu.

Ambaa na ufuko badala ya kukata katikati, lakini ufuko unaopigwa na upepo ukae nao mbali: injini ikizima, mna dakika chache tu kabla ya mawe. Kila kilomita 10 hadi 15, weka alama kwenye ramani ya mahali pa kukimbilia, ghuba, nyuma ya kisiwa, mlango wa kijito. Upepo ukiwakuta nje, punguza mwendo, watu wakae sakafuni, yakabili mawimbi kwa mshazari, kiasi cha nyuzi 45, kamwe usiyape ubavu.

Radi ikionekana, hesabu sekunde mpaka ngurumo; kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa 30 au chini, mnatakiwa muwe mmeshafika ufukoni. Kama haiwezekani, kaeni chini katikati ya boti, mbali na vyuma, mikono isiguse maji.

Mlangoni mwa mto kuna ugumu wa peke yake. Mkondo unaotoka ukikutana na upepo unaoingia, mawimbi hujipanga wima papo hapo, juu ya mchanga ambao mto umeutupa. Subirini upepo ulale.

Hatua ya 6: Soma mto

Kwenye kona, kina kiko upande wa nje na mchanga upande wa ndani. Ukiona maji yamechora V ambayo ncha yake inaelekea mtoni chini, hapo katikati kwa kawaida ndipo njia. Ncha ikielekea juu, kuna mwamba au kisiki kinachoyapasua. Maji laini yanayokatika kwa mstari ulionyooka mbele yako, na kelele au ukungu nyuma yake, ni maporomoko au bwawa dogo: nenda ukingoni mara moja, shuka, tazama kwa miguu. Mabwawa mafupi yanayoonekana hayana neno ni hatari sana, kwa sababu maji chini yake hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Mti ulioanguka kwenye mkondo nao upitwe mbali. Maji hupenya katikati ya matawi, mtu hapenyi.

Mbele akae mtu mwenye upondo ulio na alama kila nusu mita, akitaja kina kwa sauti. Mkigusa mchanga, zima injini, usikanyage mafuta kutafuta nguvu. Propela itavuta mchanga kwenye pampu. Sogeza watu upande wenye kina, sukuma kwa upondo kurudi mlikotoka. Anayetaka kushuka apime kwanza mbele ya mguu wake, kwa kuwa ukingo wa fungu huweza kudidimia ghafla. Katika mito yenye mamba au viboko, hakuna kushuka.

Maboya ya njia hayafuati kanuni moja duniani. Kwa anayeingia kutoka baharini, sehemu kubwa ya dunia huweka jekundu kushoto, ilhali nchi za Amerika, pamoja na Japani, Korea na Ufilipino, huliweka kulia. Mito na maziwa mengi yana alama zake yenyewe, kwa hiyo pata maelezo ya njia yenu kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa majini, na hapohapo maliza usajili, leseni, bima na vibali vya mipaka. Meli kubwa na misafara ya matishari haiwezi kusimama wala kukwepa. Usilumbane nayo juu ya haki ya njia. Honi fupi 5 maana yake hawaelewi unachofanya. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ikae chaneli ya 16, ya wito na dharura.

Hatua ya 7: Mtu akianguka

Fanyeni zoezi kwa galoni tupu lililovalishwa jaketi, bila kutangaza. Anayeona apaze sauti na kunyoosha kidole, na asiondoe macho wala kidole hata sekunde moja. Kichwa cha mtu hupotea upesi kati ya mawimbi. Mwingine arushe boya. Nahodha azunguke na amkaribie akiwa ameelekeza omo kwenye upepo, au mtoni akiwa ameelekea mkondo unakotoka, kwa mwendo mdogo anaoweza kuudhibiti. Ukimfikia, zima injini kabisa. Kuiacha bila gia haitoshi, maana mkono unaweza kugusa gia.

Kumpandisha ndiko kunakowashinda watu. Mtu mzima aliyelowa ni mzito, na baada ya dakika chache mikono yake haina nguvu. Ngazi, au hata kamba yenye vitanzi vya kukanyagia, ifungwe tayari. Boti ikipinduka, shikamaneni nayo wote. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.

Hatua ya 8: Kulala

Fikeni kabla ya saa 9 alasiri. Saa hiyo mnaona chini ya maji, na mna nafasi ya kwenda mahali pengine kama hapafai. Kamba ya nanga iwe mara 5 hadi 7 ya kina, ukihesabu pia urefu kutoka usawa wa maji hadi omo. Kina cha mita 3 na omo ya mita 1 ni mita 4. Mara 7 ni mita 28. Wengi hutoa kamba mita 10 na kushangaa usiku. Chagua vitu viwili ufukoni vilivyo mstari mmoja, mti na mwamba tuseme. Vikiachana, nanga inaburura. Mtoni, choma kijiti kwenye ukingo wa maji kabla ya kulala. Asubuhi kitakuambia mto umepanda au umeshuka.

Maji ya kunywa yachemke dakika 1 kamili, au 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Kwenye maji yenye kichocho, usiwaache watoto wachezee kwenye majani ya ukingoni, ndiko konokono wanaoeneza vimelea hukaa. Pasipo na hakika juu ya mamba na viboko, ulizeni wavuvi, na chandarua kifungwe kabla jua halijazama.

Hatua ya 9: Watoto na mtu wa nchi kavu

Watu wazima wanne wanaomtazama mtoto mmoja mara nyingi ni sawa na hakuna anayemtazama, kila mmoja akimtegemea mwenzake. Sisi tuna kitambaa chekundu. Aliyekivaa mkononi ndiye mlinzi, hashiki simu, hapiki, na akitaka kupumzika anamfunga mwenzake kitambaa hicho huku akisema "ni wako". Kila nusu saa kinahama. Watoto nao wapewe kazi za kweli: kina, uzi wa maji, kuandika saa tulizopita kila alama. Anayesikia kichefuchefu akae katikati, atazame mbali.

Kabla ya kung'oa nanga siku ya kwanza, mwachie mtu mmoja nchi kavu karatasi: majina na umri, rangi na namba ya boti, picha yake, njia, vituo, na saa ya kutuma ujumbe kila jioni. Kubalianeni afanye nini, kwa mfano: ikifika saa 2 usiku hajapata neno, apige simu, ikifika saa 4, awaite waokoaji na kuwasomea karatasi hiyo. Asiachiwe kukisia.

Mkirudi, toeni maji yote ya ngama, ng'oeni kila jani kwenye propela na trela, mwache boti ikauke kabla ya kuipeleka kwenye maji mengine; kipande kidogo cha gugu maji kinatosha kuanza upya kule. Kisha mpigieni yule wa nchi kavu aichane karatasi.